Usinunue boksi: jibu kwa kijana wa Wete mwenye kadi za mpira

SWALI: Assalaam alaykum mzee, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Mjomba wangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo aliniletea boksi la viatu limejaa kadi za michezo. Nyingi ni za mpira, Match Attax na Panini, na chache ni za mpira wa kikapu za Marekani. Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu mtandaoni wakifungua pakiti na kutoa kadi za maelfu ya dola. Nimeweka shilingi milioni 1.2 za karafuu. Nataka kuagiza maboksi mawili ambayo hayajafunguliwa, niyafungue, zile nzuri nizipeleke Marekani zikapewe gredi, yaani alama ya ubora, kisha niuze. Rafiki zangu wa mjini Unguja wananambia kadi ni akiba kama dhahabu. Je, nianze na boksi la aina gani? Na hizi nilizonazo nizihifadhi vipi, maana baadhi zimeanza kujikunja?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Umeuliza uanze na boksi gani. Mimi nakwambia usianze na boksi lolote. Najua jibu hili halipendwi. Nikilitamka mbele ya wakusanyaji wenzangu, vijana wananitazama kama mtu anayetaka kuwafungia watu duka. Lakini wewe umetaja pesa ya karafuu, na hiyo inajulikana inavyopatikana: kuna aliyepanda mkarafuu, kuna waliochambua usiku, kuna aliyekimbia kuanua majamvi mvua ilipochungulia. Sitaki iishie kwenye karatasi za kung'aa za viwanda vya kina Panini na Topps.

Tuanze na pakiti yenyewe. Pakiti iliyofungwa unauziwa na mtu ambaye angeweza kuifungua yeye. Mwenye duka la kadi Marekani ana maboksi mpaka darini. Kama kilichomo ndani, kwa wastani, kingekuwa na thamani kuliko bei ya boksi, asingehangaika kukuuzia wewe. Angechukua wembe akayafungua yote usiku mmoja. Anauza kwa sababu hesabu anaijua: tumaini lako linalipa zaidi kuliko kadi zilizomo. Na yule unayemuona mbele ya kamera analipwa na watazamaji, au boksi amepewa na muuzaji alitangaze. Kadi zikitoka mbovu yeye hajapungukiwa na kitu. Pakiti mia moja alizofungua bila ya kupata chochote hazimo kwenye kile kipande cha video ulichotumiwa.

Nyuma ya pakiti nyingi za Marekani pana maandishi madogo kabisa yanayosema uwezekano wa kupata aina fulani ya kadi: moja katika pakiti kadhaa, moja katika pakiti mia kadhaa, nyengine moja katika maelfu. Wachache sana wanayasoma.

Kuna watakaouliza kama hii si kamari. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Masheikh mnao hapo Wete, muulize mmoja, na umueleze sawasawa kwamba unalipa bei moja bila ya kujua unachonunua. Ninachoweza kukupa ni habari hii: mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo ya kompyuta, zikiwemo pakiti za wachezaji katika mchezo wa FIFA, ni kamari. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, wenye mchezo huo, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Pakiti za karatasi hazikuguswa. Tofauti yake mimi naiona ndogo.

Sasa chukua stika za Panini, maana hesabu yake inafanyika kwa kalamu tu. Albamu ya Kombe la Dunia la 2022 ilikuwa na stika 670, na kila pakiti stika 5. Usipopata hata moja ya kujirudia, pakiti 134 zinatosha. Hilo halitokei. Ukinunua peke yako bila ya kubadilishana na mtu, na tuseme kila stika imechapwa kwa idadi ileile, utahitaji kwa wastani karibu pakiti 950 mpaka albamu ijae. Ile stika ya mwisho, albamu ikiwa imebaki na pengo moja, peke yake itakula wastani wa pakiti 134 katika hizo. Mtoto wa Modena au wa Buenos Aires hafikishwi huko, kwa sababu skuli yake nzima ina stika na wakati wa mapumziko wanabadilishana. Mwaka ule Argentina stika ziliadimika mpaka serikali ikawakutanisha Panini na wenye vibanda wakae kitako wazungumze. Mchezo wote umesimama juu ya watu wengi walio karibu karibu. Wewe ukishafungua maboksi yako mawili hapo Wete, zile zilizojirudia utabadilishana na nani?

Hapo ndipo penye shina la jibu langu. Kadi haina thamani yake peke yake. Ina thamani pale alipo anayeitaka. Dhahabu ukiipeleka kwa sonara asubuhi, adhuhuri una pesa mkononi, na bei anakupa kwa kupima. Kadi ya LeBron, mcheza kikapu wa Marekani, hata iwe safi namna gani, izungushe kutoka Wete mpaka Mkoani uone nani atakupa japo nauli ya kurudia. Wanunuzi wake wapo Marekani, Ulaya na Asia ya mbali, na baina yako na wao kuna posta, bima, forodha, ada ya mnada, na mtu asiyekujua anayetakiwa akuamini. Kila mmoja hapo njiani anakata chake. Rafiki zako wa mjini wameona bei ya mwisho tu.

Hata huko kwenye wanunuzi, mambo hayendi kama wanavyosema. Januari 2021 kadi ya mcheza kikapu Michael Jordan, ya kiwanda cha Fleer ya mwaka 1986, yenye gredi ya juu kabisa ya 10, iliuzwa dola 738,000. Tena zilikuwa mbili, kwa bei ileile, usiku mmoja. Kabla ya mwaka kumalizika, nyengine za gredi hiyohiyo zikawa zinauzwa chini ya nusu ya hapo. Kadi haikubadilika. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani na korona, wana pesa na hawana pa kwenda. Milango ilipofunguliwa wakaenda zao. Nakala zenye gredi hiyo zipo zaidi ya 300 duniani, kwa hiyo hata ule uadimu wenyewe ulikuwa wa kuzungumzwa.

Halafu tazama kadi za bei kubwa kweli zimepataje kuwa hivyo. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, ya Topps ya mwaka 1952, ilinadiwa kwa dola milioni 12.6. Aliyeitengeneza, Sy Berger, amesimulia mwenyewe kwamba kadi zile zilizobaki zilijaa ghalani hazina mnunuzi, na mwaka 1960 wakazipakia kwenye tishali wakazitosa baharini, Atlantiki. Zile zilizouzwa madukani nyingi zilichanwa, zikafungwa kwenye spoku za baiskeli, zikatupwa na akina mama siku za usafi. Aliyebaki na moja safi alibaki nayo kwa sahau. Hakuna aliyeinunua mwaka 1952 akisema hii ni akiba.

Watu wazima wa Marekani walipoyaona haya, miaka ya 1980 ikiishia, wakaanza kununua kadi kwa maboksi na kuyaficha. Viwanda vikafurahi, vikachapa mchana na usiku. Kadi za baina ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zimejaa mpaka leo kwenye magereji yao, na nyingi hazirudishi hata bei ya pakiti ya siku zile. Kila mmoja alitunza, basi hapakuwa na kilichopotea. Na leo wote wanatunza: ikitoka pakiti tu, kadi inavishwa mfuko kabla ya vidole kuigusa mara ya pili. Wewe unataka kuweka akiba kwenye kitu ambacho dunia nzima inakiweka.

Viwanda navyo vimelijua tatizo hili, vikabuni uadimu wa kuchapa. Kadi moja ya mchezaji mmoja inatolewa kwa rangi nyingi: ya fedha, ya kijani, ya zambarau, ya dhahabu, na kila rangi ina namba, mathalani 7 kati ya 25. Ni kweli rangi ile zipo 25 tu. Lakini ukizijumlisha rangi zote za kadi hiyohiyo unafika mamia au maelfu, na mwakani watatoa tena. Zile zenye kipande cha jezi, igeuze usome nyuma. Nyingi siku hizi zimeandikwa, kwa maneno ya kisheria, kwamba kitambaa kile hakitokani na mechi yoyote maalumu wala msimu maalumu. Ni kitambaa. Na saini nyengine mchezaji ametia kwenye karatasi ya stika akiwa hotelini, baadaye kiwandani ikabandikwa juu ya kadi ambayo yeye mwenyewe hajapata kuiona. Ukiipenda, ipende, lakini ujue ulichokipenda.

Gredi nayo. Unapeleka kadi kwa kampuni, maarufu zaidi ni PSA ya Marekani iliyoanza 1991, wanaitazama kona, kingo, uso na namna picha ilivyokaa katikati, kisha wanaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki na kuipa namba kutoka 1 mpaka 10. Ina faida yake pale pesa ni kubwa na muuzaji na mnunuzi hawajuani. Ila usidhani ni hukumu ya kadhi. Kadi ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA ilikuwa ile ya Honus Wagner, mcheza besiboli wa zamani, ya pakiti za sigara za Marekani za 1909 hadi 1911, ambayo mwaka 1991 mcheza hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall waliinunua kwa dola 451,000. Ikapewa 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa akiimiliki kabla yao, akakiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo zake ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa haistahili namba ile hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa namba moja katika daftari lao.

Kwako wewe suali ni jepesi zaidi. Ukijumlisha ada ya gredi, posta ya kwenda, bima, posta ya kurudi na kinachodaiwa forodhani, kadi moja imekula makumi ya dola kabla hujamuona mnunuzi. Basi kadi isiyofika dola mia bila ya gredi, gredi haitaikomboa. Na ikishauzwa, hakikisha kwanza pesa itaingiaje kwenye simu au benki yako. Vijana wengi wanaliuliza hilo mwisho, ilhali ndilo la mwanzo.

Bado hujashawishika na unalitaka boksi? Basi sikia hili pia. Mwishoni mwa 2021 Mmarekani maarufu wa mtandaoni, Logan Paul, alilipa dola milioni 3.5 kwa shehena ya pakiti za Pokémon zilizofungwa. Si za michezo, ni za katuni, lakini biashara ni hiyohiyo. Zilikaguliwa kwa nje na wataalamu, zikaonekana sawa. Zilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kadi za katuni nyengine kabisa, G.I. Joe. Yeye ana mawakili, na muuzaji alikuwa anajulikana. Wewe ukifunguliwa boksi huko njiani, zikatolewa pakiti nzuri, likafungwa tena kwa nailoni ya moto, utamlalamikia nani?

Tuje kwenye boksi la mjomba, maana hilo ni lako na halina gharama.

Match Attax ziweke kando mwanzo. Ni kadi za mchezo, zinachapwa kwa wingi mkubwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza, na karibu zote hazina bei. Maoni yangu, na hili nalo wengi wanalipinga: wape watoto wa nyumbani wachezee. Zina alama za ushambuliaji na ulinzi, zilitengenezwa zipigwe juu ya jamvi. Kadi iliyochakaa kwa kuchezewa mimi naiheshimu kuliko iliyokaa miaka kumi kwenye plastiki ikisubiri tajiri.

Za mpira wa kikapu zitazame moja moja. Geuza nyuma, chini kabisa, utaona mwaka kwa herufi ndogo. Ukiona 1989, 1990, 1991, 1992, punguza matumaini. Ukiona Jordan wa Fleer wa 1986, usipige kelele wala usimwambie mtu, kwa sababu hiyo ni katika kadi zilizoghushiwa mno duniani. Nenda kwa fundi saa akuazime ile lenzi yake ya jichoni. Tazama maandishi meusi. Kwenye kadi ya asili, herufi zimechapwa kwa wino mzima, ukingo wake umekatika wazi. Vitone vya rangi vimo kwenye picha tu. Kwenye nakala iliyopigwa skana na kuchapwa upya, hata herufi utaiona imejaa vitone na ukingo wake una ukungu. Dakika moja inakutosha, wala huhitaji kutuma kitu Marekani.

Ukitaka kujua bei, usitazame kinachoombwa. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja vilivyokwisha uzwa. Mtu anaweza kuandika dola elfu tano juu ya kadi ya senti hamsini na ikakaa hapo mpaka kiama.

Sasa kuhifadhi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wanaoishi kwenye nchi kavu za baridi.

Kadi zako zinazojikunja bila ya shaka ni zile za kung'aa. Zina tabaka mbili: nyuma karatasi, mbele ngozi nyembamba ya plastiki au foili. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa na kutanuka; ngozi ya mbele hainywi. Upande mmoja unakua na mwengine umekaa vilevile, basi kadi inapinda kuelekea mbele. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, utaliona hili kila siku. Usiipige pasi. Usiiweke juani wala usiikunje upande wa pili kuinyoosha, itavunjika uso. Itie kwenye mfuko laini, kisha kava gumu, kisha kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Italegea yenyewe polepole. Vifuko hivyo vikishashiba maji havifanyi kazi tena, basi badilisha mara kwa mara, hasa mvua zikiwa zimeshika. Mchele usitie; utaita wadudu, na unga wake unashika kwenye kadi.

Na karafuu usitie! Najua nyumba za Pemba, kila kabati lina kikonyo au konzi ya karafuu kwa ajili ya harufu na wadudu. Kwenye nguo sawa. Kwenye karatasi mafuta yake yanaacha doa la rangi ya chai lisilotoka, na baadhi ya plastiki yanailainisha. Hata udi, kama mnafukiza chumba kila Ijumaa, boksi la kadi litoe kwanza.

La pili ni laminesheni. Sisi huku tukipenda karatasi tunaipeleka kwa mwenye steshenari ailamineti: cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli, picha ya marehemu babu. Kadi ukiilamineti umeiua. Gundi ile ya moto inaingia ndani ya karatasi na haitoki tena bila ya kuchuna uso. Mipira ya kufungia noti nayo itoe leo hii. Kwa joto letu inayeyuka, inaacha mstari wa kahawia ulionata, na inakata kingo za kadi ya juu na ya chini.

Albamu laini za picha zenye harufu kali ya plastiki mpya ziepuke. Ile ni PVC. Baada ya muda inatoa mafuta na kunata kwenye wino. Tafuta mifuko iliyoandikwa polipropilini. Ni rahisi, na mjomba anaweza kukuletea mia kwa bei ya kikombe cha chai huko kwao.

Mahali pa kuweka: si juu ya kabati chini ya bati, pana joto la kupika, si sakafuni, si kwenye ukuta wa nje, hasa nyumba ya mawe na chokaa, maana ukuta ule unavuta maji kutoka chini na kuyatoa ndani. Rafu ya katikati, kabati la ukuta wa ndani. Boksi lifungue mara moja kwa wiki siku ya jua, ukague vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyopenda karatasi. Ukiona ukungu kwenye kadi moja, itenge siku hiyohiyo, iache ikauke kivulini penye upepo, kisha ndipo uipanguse kwa brashi laini kavu. Ukiipangusa mbichi unauchora ukungu mpaka ndani.

Zile 1.2 milioni zako zirejeshe zilikotoka: miche, majamvi mapya, au ziache benki. Ukibakisha kidogo kwa ajili ya mapenzi, sikukatazi. Nami niko humu kwa mapenzi. Nunua kadi moja moja, iliyokwisha funguliwa, unayoijua jina na unayoiona sura zote mbili. Kwa bei ya boksi moja la kubahatisha unapata kadi kadhaa za wachezaji ulioamka usiku kuwatazama. Kama ni Samatta, tafuta stika au kadi yake ya enzi za Genk, timu aliyoichezea alipofunga Anfield Novemba 2019. Bei itakuwa ndogo, na ndiyo raha yake, kwa sababu hushindani na wenye pesa wa Texas.

Na kuna jengine ambalo linanikera. Tunakimbilia karatasi za watu na zetu tunafungia maandazi. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la CECAFA. Mwaka 2017 ikafika fainali Machakos, ikatolewa na Kenya kwa penalti. Mlandege wamechukua Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024, na ile ya pili waliifunga Simba. Januari 2025 kombe hilo likachezwa kwenu Gombani kwa timu za taifa, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso kwenye fainali. Tiketi yake unayo? Ratiba iliyobandikwa ukutani, kitambulisho cha mchezaji wa ligi, picha ya timu iliyosafishwa studio, yenye majina kwa kalamu nyuma: hivi havikuchapwa kwa mamilioni, hakuna anayevitunza, na vinaliwa na mchwa majumbani mwa wachezaji wa zamani. Mtu wa kubadilishana naye yupo Chake, yupo Michenzani, yupo Makunduchi. Sikwambii utauza. Nakwambia ukikusanya hivi kwa miaka michache utakuwa na kitu ambacho New York hawana na hawawezi kukichapa upya. Waulize wazee wa timu za Wete kwa adabu, piga picha kama hawataki kutoa, na andika nyuma nani alikupa na lini.

Mjomba akija tena, muagize mifuko na kava gumu, asikuletee pakiti. Na akinunua kadi kwa niaba yako, azifunge baina ya vipande viwili vya kadibodi, azibebe kwenye mkoba wa mkononi. Begi la kupakiwa chini linakaa juani uwanjani, linarushwa, na likifika boti ya Pemba linawekwa sitaha pamoja na magunia, linarukiwa maji ya chumvi.